Riba Sifuri, Tarehe Ileile

Kila mwaka tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu, majukwaa hujaa neno "kuwezesha". Cherehani hukabidhiwa, picha hupigwa, mgeni rasmi huondoka. Swali langu huanza baada ya hapo: aliyepewa cherehani akilazwa wodini siku ya marejesho, nani anashika mkasi?

Swali hilo nimelipeleka barazani, Ngamiani hapa Tanga, baada ya alasiri, kahawa ikiwa inazunguka. Wazungumzaji ni wa kubuni, na baraza lenyewe lisitafutwe. Sheria, miaka na viwango wanavyovitaja si vya kubuni.

Fundi ni mwanamke anayeshona magauni na sare. Amezaliwa na seli mundu. Wakala amepooza miguu kwa polio tangu utotoni, na ana kibanda cha kuweka na kutoa pesa kwa simu. Mama Hazina anakaanga vitumbua na ndiye anayeshika fedha za kikundi cha kuweka na kukopa. Afisa ni kijana wa maendeleo ya jamii katika kata. Mzee wa Mombasa alivuka Horohoro kuja harusini. Harusi imekwisha, yeye bado yupo. Na kuna kijana wa chipsi ambaye hakualikwa.

MAMA HAZINA: Nianze mimi, maana kahawa imetoka kwangu. Biashara haijui mgonjwa. Mteja akikuta pamefungwa anasogea nyumba ya pili, na akikaribishwa vizuri huko harudi tena. Mimi nina sukari, nina presha, na sijapata kusimama mbele ya karai nikamwambia mtu nunua kitumbua, mwenzio naumwa. Anayetaka biashara aamke. Asiyeweza kuamka, nduguze wamtunze, na hilo si aibu.

FUNDI: Shikamoo, mama. Sukari yako inakungoja umalize kukaanga.

MAMA HAZINA: Marahaba. Hainingoji, naikaripia.

FUNDI: Yangu haikaripiki. Nalala mzima, naamka usiku wa manane mgongo na mapaja kama yanapasuliwa. Chembe za damu zimejikunja, zimeziba vijia vidogo, basi. Baridi inaweza kuleta, uchovu unaweza, kushinda na kiu kunaweza, na mara nyingine sioni sababu yoyote. Siku tatu, pengine wiki nzima. Halafu narudi mtu yuleyule, nabeba cherehani mwenyewe. Sasa aliyeniona jana nacheka, leo aambiwe fundi hajiwezi. Ataamini?

WAKALA: Dada, kwani kuna fundi anayeaminiwa?

FUNDI: Ndiyo hapo. Sifa mbaya ya mafundi ndiyo inayonisitiri. Mteja ukimwambia njoo Ijumaa, mwenyewe anahesabu Jumatatu. Nikichelewa kwa sababu ya maumivu, ananiweka kundi moja na wale waliochelewa kwa sababu ya mpira. Ananitukana kidogo, anachukua gauni lake, anarudi mwezi ujao. Nikimwambia seli mundu, hatanitukana. Atanionea huruma, na kitambaa cha harusi ya mwanawe atampelekea mwingine.

(Baraza lilicheka. Nami nilicheka, lakini hebu msomaji aitazame hesabu hiyo: mwanamke huyu ameona ni nafuu aitwe muongo kuliko mgonjwa. Muongo hupewa nafasi ya pili.)

MAMA HAZINA: Basi umekubaliana nami. Nyamaza, fanya kazi.

FUNDI: Kunyamaza tumekubaliana. Kufanya kazi ndiko tunakotofautiana. Wewe unataka niwe kama mtu asiyeumwa, ila nimefunga mdomo. Mimi nimeipanga kazi upya. Kukata ndicho kichwa cha kazi yangu. Hapo simwamini mtu. Kushona kwa mshono ulionyooka, kupiga pindo, kuweka vifungo, mwingine anaweza. Kwa hiyo siku nikiwa na nguvu nakata nguo za wiki nzima, nafunga kila mteja fungu lake, naandika vipimo kwenye karatasi, nabana kwa pini. Nikianguka, msaidizi anashona. Namlipa kwa kipande. Na mteja namwambia tarehe iliyo mbele ya ile ninayoijua. Nikimaliza mapema, simpigii simu. Naliacha gauni likae, maana nikimzoesha kupata mapema, siku nitakayoumwa ndiyo atakayonidai.

AFISA: Huo ndio mpango wa biashara tunaoutaka kwenye fomu, dada.

FUNDI: Fomu zenu hazina mahali pa kuuandika.

MAMA HAZINA: Na huyo msaidizi? Siku atakapowajua wateja wote, atakuhitaji wa nini?

Hapo Fundi hakujibu mara moja, na sikutaka kumsaidia. Msaidizi anayeshona wakati wewe uko wodini ndiye anayempokea mteja, ndiye anayepokea pesa, na akiwa na akili, ndiye atakayefungua mlango wake mtaa wa pili mwakani. Kila duka lina hatari hiyo. Kwa mwenye ugonjwa inatisha zaidi, kwa sababu hawezi kuiepuka kwa kuwahi asubuhi.

FUNDI: Mmoja alishaondoka na wateja wangu. Huyu wa sasa namlipa zaidi ya bei ya soko, na kuna kazi ambazo faida tunagawana. Faida yangu imepungua. Lakini nilipokuwa nafanya peke yangu, faida yote ilikuwa yangu na duka lilikuwa la nusu mwezi.

WAKALA: Dada ana bahati, anachagua aseme au asiseme. Mimi baiskeli yangu ya miguu mitatu inapiga hodi kabla yangu. Nilipofungua kibanda watu walinijia kwa wema mwingi. Mtu anatoa elfu kumi, ananiambia "mia tano baki nayo". Nikafurahi. Nilikuja kugundua kwamba hao wa baki nayo wananijia mara moja kwa mwezi kutafuta thawabu. Miamala yao mikubwa wanaipeleka kwa kijana wa kona. Kwangu sadaka, kwake biashara. Kamisheni yetu inatokana na miamala. Huruma mfumo hauisomi.

MAMA HAZINA: Wanaogopa utaporwa, mwanangu. Na mimi ningeogopa.

WAKALA: Hata mimi naogopa, na ndiyo maana magharibi ikiadhini nafunga, ingawa jioni ndiyo pesa inatembea. Hilo la mwili wangu nalikubali. La ngazi silikubali. Floti ikiisha, benki ina ngazi mlangoni na hakuna mteremko. Nikajikuta nampa kijana wa bodaboda milioni mkononi, kwa imani tu. Mwenzangu wa kona anapanda ngazi mwenyewe, hatari hiyo hana. Mwaka mzima tukilingana kwa mtaji na kwa akili, mwisho wa mwaka yeye atakuwa mbele yangu kwa sababu ya saruji ya mlango wa benki. Mkinipa mkopo nusu yake inakwenda kulipia ngazi za watu.

AFISA: Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike.

WAKALA: Naijua, namba tisa. Ngazi haziijui.

KIJANA WA CHIPSI: Na vyoo, kaka. Vyoo vya sokoni umevisahau.

Jambo hili huwa halifiki kwenye semina za ujasiriamali, basi nitakaa nalo kidogo. Choo cha sokoni ni cha kulipia, mlango mwembamba, na cha kuchuchumaa. Wakala hawezi kuingia na baiskeli yake, na kutambaa humo hataki. Kwa hiyo tangu asubuhi hanywi maji. Amejizoesha, na figo zake zinajizoesha kwa namna yake. Fundi yuko kinyume: daktari amemwambia anywe maji sana, maana damu ikikauka maji ndipo chembe zinapokwama. Anakunywa, na kila safari analipa. Soko moja, choo kimoja. Mmoja anaugua kwa kutokunywa, mwingine anatozwa ushuru kwa kunywa. Hakuna mafunzo ya kutunza vitabu yanayolitatua hilo, na kulitatua hakuhitaji mtaalamu: mlango upanuliwe, kiti kiwekwe, mwenye kitambulisho asilipe.

MZEE WA MOMBASA: Nyinyi mwateseka kwa kutaka kila mtu awe na kibanda chake. Sisi Mombasa tuna Bombolulu tangu 1969. Chama cha walemavu wa viungo kiliweka karakana, watu watengeza mapambo, ngozi, nguo, hata viti vya magurudumu wavitengeza wenyewe. Milango mipana, vyoo vyafaa, nyumba zi hapo hapo. Mtu akilala wiki kwa maradhi, kiwanda hakilali. Hana haja kumdanganya mteja, maana mteja hamjui. Huyu binti apewe meza pale, aone kama atahangaika na pini na mafungu.

AFISA: Hata kwetu wapo. Iringa kuna Neema Crafts, ilianza 2003 na vijana viziwi wachache wakitengeneza karatasi, leo kuna ufumaji, kuna mgahawa, na anayekuhudumia mezani ni kiziwi. Unaandika unachotaka, mnaelewana.

WAKALA: Mzee, shikamoo. Bombolulu naiheshimu. Lakini nani mnunuzi wa zile shanga?

MZEE WA MOMBASA: Wageni. Watalii.

WAKALA: Na mwaka ambao watalii hawaji?

MZEE WA MOMBASA: Huo mwaka... twaomba Mungu.

WAKALA: Mteja wangu mimi ni jirani anayetaka kumtumia mamaye elfu ishirini Handeni. Huyo haji kwa ndege. Karakana yenu inamkinga mtu na ugonjwa wake, haimkingi na soko. Tena mmewajumuisha wote kapu moja: soko likianguka, mnaanguka pamoja, mzima na mgonjwa.

MZEE WA MOMBASA: Na kibanda chako hakianguki?

WAKALA: Kinaanguka. Ila kinaanguka changu.

(Jibu zuri la barazani. Sina hakika kama linalisha watoto. Mzee alikuwa na hoja ambayo Wakala aliirukia tu: mwenye maradhi anahitaji mahali ambapo kazi inaendelea asipokuwepo, na karakana ni mahali hapo. Fundi, kwa mafungu yake na pini zake, amejijengea karakana ya watu wawili.)

MZEE WA MOMBASA: Haya, karakana hamtaki. Sheria je? Kenya mwenye ulemavu akisajiliwa, asamehewa kodi ya shilingi 150,000 za kwanza za mapato kila mwezi. Na katika zabuni za serikali, asilimia 30 zatengwa kwa vijana, akina mama na walemavu.

MAMA HAZINA: Muuza mahamri gani wa Mombasa anapata laki na nusu kwa mwezi, za Kenya?

MZEE WA MOMBASA: Wachache.

MAMA HAZINA: Basi huo msamaha ni wa mwenye mshahara.

MZEE WA MOMBASA: Na zabuni nazo, nikisema kweli, ukishapeleka mali kaunti, kila uchao waambiwa malipo yaja. Watu wafa wakidai. Asiye na maradhi aweza kusubiri, akopa kwa ndugu. Mwenye dawa ya kila mwezi asubiri na nini? Halafu wako matajiri watuazima majina: kampuni ni ya mlemavu kwenye karatasi, mwenye pesa yuko nyuma ya pazia.

WAKALA: Fadhila ya namna hiyo inategemea mlango mmoja. Goma huko Kongo, mpakani na Rwanda, wenzetu wenye baiskeli kubwa za mikono walikuwa wanavusha mizigo kwenda na kurudi Gisenyi. Forodha inawalegezea, wafanyabiashara wanawapa mizigo kwa sababu hiyo, wanalisha familia. Machi 2020 mpaka ukafungwa kwa sababu ya korona. Unafuu wa forodha haukufutwa na mtu, ila kulikuwa hakuna forodha ya kupita.

AFISA: Kwetu unafuu hautegemei mpaka. Halmashauri zinatenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Haina riba hata senti. Ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu fedha nyingi zilikuwa hazirudi na kulikuwa na vikundi hewa, ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Zamani ilikuwa lazima kikundi. Siku hizi mtu mwenye ulemavu anaweza kuomba peke yake.

WAKALA: Zamani hiyo naikumbuka. Tulikuwa watano: asiyeona mmoja, kiziwi mmoja, mimi, mwenye ulemavu wa ngozi, na mwingine mkono wake ulikatika kiwandani. Kilichotuunganisha ni ulemavu. Biashara zetu hazikuhusiana hata kidogo, lakini kikundi lazima kiwe na mradi mmoja. Tukaandikiwa kuku. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kufuga kuku. Kideri kikapita, kuku wakafa, deni likabaki zima.

FUNDI: Angalau ulipokelewa. Mimi ofisi moja waliniangalia juu mpaka chini, wakaniuliza ulemavu wangu uko wapi.

AFISA: Sheria haisemi hivyo, dada. Sheria ya 2010 inauangalia ulemavu kwa nafasi anayoikosa mtu katika maisha ya kawaida ya jamii. Ukiisoma vizuri, unaweza kuingia.

FUNDI: Sheria inanikaribisha, fomu inanifungia mlango. Hata sensa msingi wake ni maswali sita: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, kuwasiliana. Karani alipokuja kwangu nilikuwa naona, nasikia, natembea, namkumbuka mpaka jina la shule yake. Hakuna swali la maumivu. Angekuja wiki iliyotangulia angenikuta siwezi kushika kijiko.

Mnaona sasa kinachonikera? Tumeweka mizani inayompima mtu siku moja, tukaitumia kumkopesha mtu ambaye siku zake hazifanani. Mwenye kifafa, mwenye pumu kali, mwenye lupasi, mwenye seli mundu, wote wanapita kwenye mizani hiyo wakiwa wazima, kisha wanaanguka nje yake.

FUNDI: Niliingia kwa mlango wa wanawake. Asilimia nne ile, hakuna anayeuliza ugonjwa. Tukapata. Riba sifuri, nashukuru. Lakini tarehe ilikuwa ileile kwa wote, kila tarehe tano ya mwezi. Miezi mitatu nikalipa. Wa nne nikalazwa. Wenzangu wakanichangia, maana kikundi kinadaiwa kwa pamoja. Wa sita nikaanguka tena, wakanichangia kwa midomo imenuna. Nilipopona nililipa yote, sikubakiza. Awamu ya pili walipounda kikundi, jina langu halikuwemo. Hawakunigombeza. Walinipenda tu kwa mbali.

MAMA HAZINA: Na walifanya sawa.

FUNDI: Mama!

MAMA HAZINA: Ndiyo. Mwezi uliolala wewe, mwingine alitoa ya ada ya mtoto. Wewe ulirudisha, lakini siku aliyoihitaji haikuwepo. Unasema tarehe ilikuumiza. Hata yeye ilimuumiza. Mimi mweka hazina nikijua mtu ana maradhi ya kuanguka, simkopeshi. Nasema mbele ya afisa, na aniandike.

Kauli hiyo ilimkata Afisa, akatafuta maji ya kunywa. Mimi naitetea, kwa sababu ni ya kweli na kwa sababu watu wengi wanaifuata bila kuitamka. Na inaonyesha kwa nini hoja ya kusema au kunyamaza haina jibu moja. Mteja anadai gauni kwa tarehe aliyoahidiwa. Jina la ugonjwa halimhusu, na Fundi ana haki ya kumficha mpaka kiama. Anayekopesha fedha za wenzake anastahili kujua hatari anayoibeba. Tabu ni kwamba akiijua anafunga mkoba, basi mkopaji anaficha, na akishaficha hakuna anayeweza kupanga marejesho yanayoendana na mwili wake. Kila mmoja ana busara yake, na matokeo ni mabaya kwa wote wawili.

AFISA: Wengine wakikwama marejesho wanakimbilia mikopo ya riba kubwa, ile ya kausha damu.

FUNDI: Damu yangu yenyewe ina mgogoro, leo niipeleke ikakaushwe?

KIJANA WA CHIPSI: Naomba niseme, nina wateja wananisubiri. Mimi nina ualbino. Mchana jua ndilo adui yangu, mafuta ya kujikinga hayapatikani kila siku, na kansa ya ngozi nimeiona kwa kaka yangu. Nilikuwa nauza genge mchana kama watu wote, kwa kuwa genge ni la mchana. Nikaacha. Sasa nawasha jiko magharibi, nafunga usiku wa manane. Chipsi, mishikaki, kachumbari. Sikuomba ruhusa kwa mtu. Nilibadilisha saa tu. Ila leseni, mgambo na mkutano wa wafanyabiashara, vyote viko saa nane mchana.

Akaondoka. Alisema maneno machache na alikuwa amekamata kitu ambacho sisi wakubwa tulikuwa tunakizunguka. Yeye amebahatika: adui yake ana ratiba, jua linachomoza na kuzama. Wa Fundi hana.

FUNDI: Mama, nikuulize. Mkulima wa korosho mkimkopesha, mnamdai mwezi wa Machi?

MAMA HAZINA: Machi ana nini? Tunamdai akishauza.

FUNDI: Kwa hiyo tarehe inajua kupinda.

MAMA HAZINA: Korosho ina msimu. Kila mtu anaujua. Maradhi yako hayana msimu.

FUNDI: Maradhi hayana. Kipato changu kinao. Januari sare za shule. Shaaban harusi zinashikana kabla ya Ramadhani. Ramadhani kumi la mwisho, nguo za Idi. Miezi hiyo hata nikilala wiki nzima napata kuliko mwezi mzima wa Agosti. Nidaini huko. Nyinyi mmechukua mwaka, mmeukata vipande sawasawa kama mkate, mkaniambia nile kwa mpangilio huo.

MZEE WA MOMBASA: Hata serikali yetu ililiona hilo. Bima mpya ya afya, ya SHA, asilimia 2.75 ya kipato, na asiyeajiriwa kima cha chini shilingi 300 kwa mwezi, lakini ilitakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mpigo. Mama mboga aitoe wapi? Ikabidi walete mpango wa kulipa pole pole.

AFISA: Na sisi sheria ya bima ya afya kwa wote ilipita bungeni 2023.

FUNDI: Karibu sana. Ila bima inamlipa daktari. Duka lililofungwa hailijui.

MAMA HAZINA: Umesema Januari.

FUNDI: Januari.

MAMA HAZINA: Tuseme laki sita. Wenzio wanarudisha miezi sita, laki laki. Wewe unataka nini? Sema kwa hesabu, usinililie.

FUNDI: Marejesho sita ndani ya miezi tisa. Mitatu naruka, na sisemi mapema ni ipi.

MAMA HAZINA: Mitatu mingi. Miwili.

FUNDI: Miwili, lakini Januari nikileta mbili kwa mkupuo, ya pili inakaa akiba yangu. Nikianguka inalipa yenyewe, hakuna anayenichangia, hakuna wa kununa.

MAMA HAZINA: Na Shaaban?

FUNDI: Na Shaaban.

AFISA: Mama, hilo katiba ya kikundi inaruhusu?

MAMA HAZINA: Katiba niliiandika mimi na marehemu mume wangu kwenye meza ya vitumbua. Itaruhusu. Lakini funguo ya duka aje aishike mwenzetu mmoja siku ukilazwa, tuone kazi inaendelea.

FUNDI: Funguo hapana.

MAMA HAZINA: Basi mdhamini, mtu wa biashara, asiye ndugu yako.

WAKALA: Mimi hapa.

MAMA HAZINA: Wewe wa kuku?

WAKALA: Kuku walikufa, mama. Deni lililipwa lote.

MAMA HAZINA: Lililipwa na nani, nyote watano?

WAKALA: Mimi na yule kiziwi.

MAMA HAZINA: Basi kesho njoo naye.